Betri Imevuja Ndani ya Kompyuta ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wenye kompyuta za kati ya mwaka 1985 na 1995 hivi: PC zenye prosesa za 286, 386 na 486, Amiga, Acorn Archimedes, na kidogo Macintosh. Kama unayo moja juu ya kabati na hujawahi kuifungua, kaifungue kwanza ndipo urudi kusoma.

Kompyuta inatumia umeme wa ukutani. Betri ya nini tena?

Ya saa na mipangilio. IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984 iliweka ndani yake chipu ya Motorola, MC146818, yenye saa na kumbukumbu ndogo ya baiti 64. Humo ndimo mashine inamoweka tarehe, aina ya diski kuu na idadi ya floppy. Chipu hiyo lazima ilishwe umeme hata mashine ikiwa imezimwa. IBM wenyewe walitumia betri ya lithiamu iliyokaa mbali na bodi na kuunganishwa kwa waya. Waliowaiga walitaka bei ishuke, wakailehemu betri juu ya bodi yenyewe, tena ya nikeli na kadimi, ambayo bodi huichaji kila unapowasha. Ni kipipa kidogo cha volti 3.6, mara nyingi chenye koti la buluu au kijani na jina la Varta. Ndani mna seli tatu za volti 1.2 zilizopandana.

Mipira inayoziba seli hizo huzeeka. Ikishakauka na kupasuka, dawa ya ndani huanza kutoka taratibu, ikifuata miguu ya betri hadi kwenye bodi.

Mashine zipi ziko hatarini?

Bodi nyingi za 286, 386 na 486 za mwanzo, hasa zile zisizo na jina kubwa. Kwa upande wa Commodore, waliotengeneza Amiga, mashine za Amiga 2000, 3000, 4000 na 500 Plus zote zina betri kwenye bodi kuu. Amiga 500 ya kawaida haina, ila kadi ya kumbukumbu ya A501 inayochomekwa kwa chini inayo, na wengi hawajui kama wana kadi hiyo. Fungua kile kifuniko cha chini uone. Amiga 1200 haina betri, hivyo shida zake ni nyingine. Archimedes A3000 na A5000 zimo kwenye orodha. Commodore 64 na ZX Spectrum hazina betri kabisa.

Ukikuta kwenye bodi ya PC chipu nene nyeusi iliyoandikwa Dallas DS1287, pumua. Betri yake imefunikwa ndani ya chipu. Hufa, lakini haimwagikii majirani.

Kwa huku kwetu, mashine utakayokutana nayo ni 386 au 486 iliyotoka ofisini. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Amiga ilikuwa mashine ya sebuleni Ulaya. Ukiiona Dar es Salaam, ujue kuna mtu aliibeba kwenye mizigo yake.

Mashine yangu inawaka vizuri tu. Kuna haja ya kuigusa?

Ipo, na leo kuliko kesho. Betri ya aina hii ambayo haijavuja ni ile ambayo bado. Ina zaidi ya miaka 30 na haikutengenezwa ifike huko. Kuiondoa leo ni kazi ya kukata miguu miwili. Ukingoja ivuje utakaa mezani wiki kadhaa.

Kabla hujaitoa, kama mashine bado inakumbuka mipangilio yake, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) na uandike kwenye karatasi namba za diski kuu: silinda, vichwa na sekta. Au piga picha skrini. Utaona umuhimu wake mbele.

Naitoaje bila kuharibu?

Chomoa waya wa umeme. Andika au piga picha upande wa chanya na upande wa hasi. Kwa kawaida bodi imechorwa alama ya kujumlisha. Kisha kata miguu kwa plaiz ndogo ya kukatia, mmoja baada ya mwingine, karibu na mwili wa betri. Usiizungushe wala kuivuta. Pale ambapo dawa imeshapita, shaba chini ya miguu imeachia gundi yake, na ukivuta betri unaondoka na shaba pia. Vipande vya miguu vilivyobaki utavitoa baadaye kwa pasi ya kulehemu.

Vaa glavu na miwani. Kadimi ni sumu inayokaa mwilini miaka mingi na imethibitishwa kusababisha saratani, na dawa yenyewe inachoma ngozi na macho. Betri itie kwenye mfuko wa plastiki, ifunge, uandike juu yake. Isiende kwenye takataka za nyumbani, na kwa vyovyote isichomwe moto. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki; kama hawapo mjini kwako, ihifadhi mahali pakavu mbali na watoto mpaka wapatikane.

Huu unga mweupe na ukijani ni asidi ya betri?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tumezoea betri ya gari, ambayo kweli ina asidi. Betri ya nikeli na kadimi ina kinyume chake: potasiamu haidroksaidi, yaani alkali kali. Ikitoka nje hukutana na kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka potasiamu kaboneti. Huo ndio unga mweupe. Ukijani na ubuluu ni shaba ya bodi yenyewe, ikiwa imeshaliwa.

Alkali hii inanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo haikauki moja kwa moja. Inatambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi, inaingia kwenye vitobo vidogo vinavyounganisha tabaka la juu na la chini, inapanda hadi ndani ya soketi. Doa unaloliona kwa macho karibu kila mara ni dogo kuliko eneo lililoathirika. Mahali popote ambapo njia ya shaba imebadilika rangi kuwa nyeusi, au rangi ya bodi imevimba na kufifia, pana dawa chini yake.

Kwa hiyo nitumie nini? Magadi, ndimu, soda?

Alkali huzimwa na asidi dhaifu. Siki nyeupe ya dukani, ile isiyo na rangi wala viungo, inatosha kabisa. Magadi na soda ya kuokea ni alkali pia. Ukivimwaga juu ya alkali umeongeza tatizo. Vingefaa kwa asidi, si hapa.

Ndimu inafanya kazi kwa sababu ina asidi ya sitriki, lakini inaacha sukari na nyuzinyuzi zinazonata. Asidi ya sitriki ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ni nzuri kama siki. Soda za kunywa ziache kwenye friji. Mafuta ya kulegezea nati pia hayafai: yanafunika uchafu badala ya kuuondoa.

Nioshe vipi hasa?

Ondoa bodi kwenye kasha. Toa kila kinachotoka bila kulehemu: kadi, kumbukumbu, chipu zilizo kwenye soketi. Kila chipu itoe kwa kuinua pande zote mbili kidogo kidogo, na uandike upande uliokuwa na kikato. Miguu ya chipu iliyopigwa na dawa hukatika kirahisi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Kwanza ondoa unga mkavu kwa mswaki uliolowa siki, si mkavu, usije ukavuta vumbi la kadimi. Kisha weka siki kwenye eneo lote, na sentimita kadhaa nje ya doa. Itachemka na kutoa povu. Ni kaboneti inayomenyuka. Sugua, futa, weka nyingine. Povu likikoma kutoka, alkali ya juu imekwisha. Usiiache bodi ikilala kwenye siki usiku kucha. Siki nayo ni asidi na ikipewa muda itakula shaba. Dakika tano hadi kumi kwa mkupuo zinatosha.

Suuza kwa maji mengi. Ndiyo, maji. Bodi isiyo na umeme haidhuriki na maji, inadhurika na yanayobaki baada ya maji kukauka, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyotoneshwa. Vituo vya mafuta na maduka ya spea huyauza kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana pale pale wanauza pia asidi ya betri ya gari.

Malizia kwa alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, ambayo husukuma maji nje ya sehemu zilizojificha. Spiriti ya famasi inafaa ikikosekana hiyo, ila angalia isiwe na mafuta au rangi. Kisha acha bodi ikauke kwa siku nzima mbele ya feni, na kama unaishi pwani mpe siku mbili. Jua kali la moja kwa moja linakunja plastiki za soketi.

Baada ya hapo ndipo utaona ukubwa wa kazi. Mara nyingi bodi iliyooshwa inatisha kuliko ilivyokuwa chafu.

Siwezi kuiwasha kidogo tu, nione kama inafanya kazi?

Usiwashe. Alkali yenye unyevu inapitisha umeme, na umeme ukipita kwenye shaba iliyolowa dawa huharakisha kuliwa kwake. Isitoshe kwenye bodi ya PC kuna volti 12 zinazopita hatua chache kutoka kwa njia za volti 5. Bodi nyingi zilizokufa kabisa zilikuwa na nafasi ya kupona mpaka mwenyewe alipotaka kuona kidogo tu.

Ni lazima nitoe soketi na sloti zilizolehemiwa?

Kama ukijani umeingia chini yake, ndiyo. Chini ya soketi ndiko dawa inakojificha, na hakuna mswaki unaofika huko. Ukiiacha, utaunga njia juu na baada ya miezi itakatika upya kutokea chini.

Ni kazi ya kuchosha. Soketi ya plastiki unaweza kuitoa dhabihu: vunja plastiki taratibu kwa plaiz, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa pasi. Soketi mpya ni za bei ndogo. Pedi za shaba, yaani vile vidoa vya bodi ambapo miguu hulehemiwa, hazina spea. Sloti za ISA, zile ndefu nyeusi za kuchomekea kadi, zinahitaji uvumilivu zaidi, au mwenye mashine ya hewa moto.

Risasi ya kulehemia haiyeyuki hata nikiweka pasi muda mrefu.

Risasi iliyoshambuliwa hugeuka kijivu kisicho na mng'ao, na juu yake pana ganda lisilopitisha joto. Kuongeza joto na muda kutang'oa pedi tu. Kwangua ganda kwa ncha ya kisu au brashi ya nyuzi za kioo, weka flaksi ya kutosha (ile ya kupaka inayosaidia risasi ishike), kisha ongeza risasi mpya, ya ule mchanganyiko wa kizamani wenye bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Risasi mpya ikishachanganyika na ya zamani, vuta zote kwa pampu au utambi wa shaba. Ikigoma, rudia siki na kukwangua. Maana yake bado kuna uchafu.

Nitajuaje njia ipi imekatika?

Kwa kupima, si kwa kutazama. Njia nyeusi kabisa inaweza kuwa nzima, na njia inayong'aa ikawa imekatika pale inapoingia kwenye kitobo. Weka multimita kwenye mlio, shika mwanzo wa njia na mwisho wake.

Nitachukua mfano mmoja unaojitokeza sana. Kwenye bodi za 386 betri hukaa kona ya nyuma, jirani na tundu la kibodi, lile la duara lenye pini tano. Jirani yake kuna chipu ya miguu 40, 8042 au ndugu yake, inayosimamia kibodi. Unawasha mashine, skrini inakuja, kisha inaandika kwamba kibodi haipo. Watu hununua kibodi nyingine, na nyingine tena. Acha. Chomoa umeme, anza kupima.

Kwenye tundu la kibodi, pini ya 1 ni mapigo ya saa, ya 2 ni data, ya 4 ni hasi na ya 5 ni volti 5. Angalia namba zisikuchanganye: kwa mpangilio wa tundu hili pini hazifuatani kwa zamu, ukizunguka kutoka upande mmoja utakuta 1, 4, 2, 5, 3. Anza na pini ya 5: je, inafika kwenye volti 5 ya bodi? Mara nyingi inapita kwenye fyuzi ndogo inayofanana na rizista, na fyuzi hiyo iko ndani kabisa ya eneo la dawa. Ikiwa haitoi mlio, umepata mgonjwa wa kwanza.

Kisha mapigo na data. Pini ya 1 ya tundu huelekea mguu wa 1 wa 8042, na pini ya 2 huelekea mguu wa 39. Hiyo ni njia ya kuingia. Njia ya kutoka huanzia mguu wa 37 kwa mapigo na wa 38 kwa data, ikipitia chipu ndogo ya kusukuma mawimbi kabla ya kufika tundu, kwa hiyo mlio wa moja kwa moja usiutegemee hapo. Pima kipande kwa kipande: kutoka tundu hadi kwenye koili au rizista, kutoka rizista hadi kitobo, kutoka kitobo hadi mguu. Kati ya vipande hivyo kimoja kitanyamaza. Mguu wa 40 upate volti 5, wa 20 upate hasi.

Chipu hiyo hiyo ya kibodi ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: mguu wa 22 unafungua laini ya A20, ambayo bila yake kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti ya kwanza haipatikani sawasawa, na mguu wa 21 unaweza kuanzisha prosesa upya. Ndiyo maana betri iliyovuja karibu na kibodi inaweza kuleta mashine inayoganda wakati wa kupakia programu, na ukahangaika na kumbukumbu bure. BIOS iliyotengenezwa na kampuni ya AMI ikipiga milio sita, inalalamikia hapo hapo.

Chora unachopima. Karatasi yenye mistari na alama za tiki itakuokoa kuliko kumbukumbu yako saa nne za usiku.

Njia iliyokatika naiungaje?

Kwangua rangi ya bodi pande mbili za mahali palipokatika mpaka shaba ing'ae, milimita mbili au tatu zinatosha. Weka flaksi, paka risasi kidogo. Kisha chukua uzi mwembamba wa shaba, ule mafundi simu wanaouita jampa, ulaze juu ya njia kwa kufuata mkondo wake wa asili na uulehemu pande zote mbili. Njia ikiwa imeliwa sehemu ndefu, usipoteze muda kuijenga: vuta waya wenye ganda kutoka mguu wa chipu hadi mguu mwingine, upande wa chini wa bodi. Si pazuri kutazama lakini panafanya kazi.

Kitobo kilichokufa safisha kwa sindano au kidrili cha mkono, pitisha uzi wa shaba katikati, ulehemu juu na chini. Bodi za PC nyingi zina tabaka nne, na mbili za ndani kwa kawaida ni za umeme na hasi tu. Usitanue kitobo, utakutanisha tabaka hizo na kuleta shoti.

Ukimaliza na kupima tena, funika shaba iliyo wazi. Ipo rangi maalumu inayokauka kwa taa ya urujuanimno. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi hiyo pia, na mimi sioni aibu kuitumia.

Naweza kumpelekea fundi simu?

Kwa upande wa kulehemu, ndiyo, na mara nyingi ni bora kuliko fundi kompyuta. Fundi simu mzuri wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ana hadubini, hewa moto na mkono uliozoea njia nyembamba kuliko za 386 kwa mbali. Asichokuwa nacho ni ujuzi wa mashine yenyewe. Kwa hiyo fanya wewe kuosha na kupima, mpelekee karatasi inayosema hapa hadi hapa. Mwambie pia asiipashe bodi yote. Plastiki za zamani hazivumilii.

Siku ya kuwasha imefika. Niangalie nini?

Kabla ya yote pima ukinzani kati ya volti 5 na hasi. Usomaji ukikaa karibu na sifuri una shoti, rudi mezani.

Plagi mbili za umeme za bodi ya AT, P8 na P9, zinafanana na zinaingia kwa kubadilishana. Kanuni ni moja: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukikosea hapo, kazi yote ya wiki inakwenda na moshi.

Weka kadi ya skrini, kumbukumbu na spika tu. Milio minane ya AMI ni kadi ya skrini. Mitatu ni kumbukumbu ya mwanzo. Ukimya kamili mara nyingi ni prosesa kutopata mapigo au amri ya kuanza, na kadi ya ISA ya kuonyesha namba za hatua za kuwaka itakusaidia, mradi sloti unayoichomeka ni nzima. Chagua sloti iliyo mbali na kona ya betri.

Kwenye Amiga skrini yenyewe inasema kwa rangi. Nyekundu ni ROM (chipu ya programu ya kudumu), kijani ni kumbukumbu ya chipu maalumu, njano ni prosesa kukutana na kosa. Nyeusi isiyobadilika maana yake prosesa haijaanza kazi kabisa.

Kwa nini Amiga 2000 inasemwa sana?

Kwa sababu betri yake imewekwa karibu kabisa na prosesa ya 68000. Dawa inaingia kwanza kwenye soketi ya miguu 64, kisha kwenye njia zinazokwenda kwenye sloti ya prosesa yenye mawasiliano 86. Hizo ndizo njia za anwani na data za mashine nzima, kwa hiyo moja tu ikikatika skrini inabaki nyeusi. Toa 68000, tazama miguu yake, toa soketi, safisha, weka mpya, pima kila mguu wa prosesa hadi kwenye sloti. Mguu kwa mguu, ni jioni moja. Baada ya hapo ROM ya majaribio, DiagROM ya John Hertell, ni rafiki mkubwa: inatoa habari kwenye tundu la siriali hata kama skrini haina kitu.

Amiga 4000 ina balaa la ziada, kapasita zake ndogo za bati nazo huvuja. Usiikague betri ukaziacha hizo.

Na Macintosh?

Hapa badilisha mawazo kabisa. Mac kama SE/30 ya 1989 na Classic ya 1990 zinatumia lithiamu ya volti 3.6, fupi, nusu ya urefu wa AA. Si nikeli wala kadimi, na kinachotoka kinapokutana na unyevu ni asidi. Siki haifai hapo. Soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji ndiyo ya kuzimia, kisha suuza na isopropili kama kawaida. Baadhi ya betri hizo zimepasuka na kula bodi, fremu ya chuma na hata kasha. Nimeona picha za Mac ambazo bodi yake inakaribia kumeguka kwa kidole. Ukinunua Mac ya zamani kutoka mbali, mwombe muuzaji aitoe betri kabla ya kufunga mzigo.

Niweke betri gani mpya?

Si kipipa kingine cha aina ile ile, hata kama kimetoka kiwandani jana. Wala cha nikeli na haidraidi, nacho huvuja.

Kinachofaa wengi ni CR2032 ya volti 3 kwenye kishikio chake. Ila bodi ilizoea kuchaji, na CR2032 haichajiwi. Ukiichaji inaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo weka dayodi, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu, kati ya chanya ya betri na chanya ya bodi, mstari wa dayodi ukiangalia bodi. Dayodi ya Schottky kama 1N5817 inapoteza takribani volti 0.3, wakati 1N4148 inapoteza karibu 0.6, na chipu nyingine za saa hazipendi kushuka hivyo. Kuhakikisha kama bodi inachaji, iwashe bila betri, pima volti kwenye vitobo vya betri. Ukisoma volti 4 au 5, dayodi si hiari.

Bodi nyingi za PC zina pia pini nne za betri ya nje, ya 1 ikiwa chanya na ya 4 hasi. Thibitisha kwa multimita, kisha vuta waya hadi kishikio cha AA tatu kilichobandikwa kwenye kasha, mbali na bodi. Hiyo naipenda zaidi. Kikivuja, kitachafua bati.

Nimetoa betri, sasa diski kuu haionekani. Nimepoteza mafaili?

Hapana. Mafaili yako yapo. Kilichofutika ni maelezo ya diski kwenye chipu ya saa. Ingia kwenye mipangilio, andika silinda, vichwa na sekta kama zilivyo kwenye lebo ya diski au kwenye karatasi uliyoandika awali. Usiumbize diski (usiifomati) kwa sababu mashine imesema haioni kitu.

Lini niseme basi, bodi hii haifai?

Kama kumekufa njia kumi au ishirini na chipu ni nzima, inaokoleka. Bodi ambayo tabaka zake zimeachana, au ambayo chipu yake kubwa iliyolehemiwa miguu mia na zaidi imeliwa hadi ndani, ya 386 isiyo na jina, mimi ningeitoa spea: kumbukumbu, kristali ya kilohezi 32.768, soketi, chipu ya BIOS. Ya Amiga au Macintosh usiitupe hata ikiwa hoi. Wapo waliochora upya bodi za Amiga na ya SE/30, na bodi mpya tupu inahitaji chipu za ile ya zamani.

Naweza kuacha mashine bila betri kabisa?

Amiga na Archimedes zinawaka bila betri. Utakosa saa, na Archimedes itasahau mipangilio. PC ya 386 itakuuliza aina ya diski kila unapowasha, na baadhi zitakutaka ubonyeze F1 kwanza. Ikiwa mashine ni ya kuwekwa stoo, iache bila betri, andika namba za diski kwenye karatasi na uibandike kwa ndani ya kifuniko.